Msaada wa siku moja hauponyi mgonjwa

JE, msomaji, umewahi kupita karibu na hoteli fulani katikati ya jiji, yapata saa sita na nusu mchana, ukaona watu waliovalia nadhifu wakiingia ukumbi mmoja, kila mmoja akiwa na beji ndogo kwenye ukosi wa koti? Ukimwuliza mlinzi mlangoni atakuambia kwamba hao ni watu wa klabu na hukutana hapo kila wiki. Na ukizidi kumdadisi wanafanya nini humo ndani, huenda akakujibu kama alivyonijibu mmoja majuzi: "Wanakula, wanapiga makofi, halafu wanaenda zao."

Jibu hilo ndilo walilo nalo wakazi wengi wa miji yetu kuhusu klabu za huduma kama vile Rotary na Lions. Tunawaona gazetini wakishikilia hundi kubwa ya karatasi, au wakikabidhi viti vya magurudumu huku kamera zikimulika. Wengine husema ni matajiri wanaotafuta sifa. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo.

Leo ningependa tulitazame jambo hili upya, kwa sababu linahusu afya yetu moja kwa moja. Ndani ya kikao kile cha saa moja kuna kitu ambacho zahanati, kliniki za misaada na makao ya watoto huhitaji kuliko hata pesa. Kitu hicho ni mazoea ya kurudi. Na kila mara klabu inapokisahau, mgonjwa ndiye anayeumia.

Nauli ya Jumanne

Hivi karibuni rafiki yangu mmoja alinialika niwe mgeni katika mkutano wa klabu yake hapa Nairobi. Kengele iligongwa kwa wakati, jambo ambalo si la kawaida katika mikutano yetu. Mwenyekiti alikuwa na mkufu wa cheo shingoni. Tuliimba wimbo wa taifa, wageni tukatambulishwa, tukala. Bwana mmoja aliyechelewa alitozwa faini. Bibi mmoja aliyepata mjukuu wiki hiyo naye akatozwa, eti kwa sababu ya furaha yake, na wote wakacheka huku pesa zikiingia koponi. Katibu alisoma majina ya wasiokuwapo. Mweka hazina alisoma hesabu. Sitakuficha, usingizi ulianza kuninyemelea.

Kisha akasimama mgeni wa siku hiyo, muuguzi kutoka kliniki moja inayoendeshwa kwa misaada. Alikuja kuzungumzia watoto wanaozaliwa nyayo zikiwa zimepinda kuelekea ndani. Alieleza kwamba zamani wengi walifanyiwa upasuaji mkubwa, au waliachwa watambe na ulemavu wao maisha yote. Siku hizi matibabu yanayotumika zaidi ni yale yaliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani. Mguu wa mtoto hunyooshwa polepole kwa mkono, kisha hufungwa plasta ngumu kama ile ya mtu aliyevunjika mfupa. Baada ya wiki moja plasta hufunguliwa, mguu ukanyooshwa zaidi kidogo, na plasta mpya ikafungwa. Hufanyika hivyo kwa wiki tano, sita au saba hivi. Watoto wengi hukatwa pia kano ya kisigino kwa kisu kidogo, na plasta ya mwisho hukaa kama wiki tatu. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu kutwa nzima kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi atimize miaka minne au mitano.

"Mama akiacha kuja katikati," alisema, "mguu unarudi ulikokuwa."

Mzee mmoja aliinua mkono. "Sista, tukiwaletea vitanda kumi na televisheni ya ukutani, itawafaa?"

"Tutashukuru sana, Mzee," muuguzi akajibu. "Lakini watoto wangu hawalali kliniki. Wanakuja na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Plasta tunazo. Akina mama wanaacha kuja wiki ya tatu. Kile tunakosa ni nauli ya Jumanne."

Ukumbi ulinyamaza. Mweka hazina alichukua kalamu akaanza kupiga hesabu nyuma ya ratiba ya mkutano: matatu mbili za kwenda, mbili za kurudi, mara wiki saba, mara idadi ya akina mama. Jumla ilipopatikana ilikuwa ndogo kuliko bei ya ile televisheni.

Nilitoka pale nikiwaza. Matibabu ya mtoto yule yanataka mtu arudi kila wiki. Na hapa kuna watu ambao, kwa kanuni za chama chao, wamejifunza kurudi kila wiki. Kwa nini mambo haya mawili yasikutanishwe?

Walikotoka

Ni vyema kujua mazoea haya yalianzia wapi. Mnamo Februari 23, 1905, mjini Chicago, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Walikuwa watu wa kazi na biashara waliotafuta urafiki katika mji mkubwa ambamo kila mtu alikuwa mgeni. Walikubaliana wakutane kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Jina la Rotary lilitokana na mzunguko huo.

Bila shaka umetambua kitu hapo. Hivyo ndivyo vyama vyetu vya mitaani vinavyofanya: Jumapili hii kwa mama fulani, Jumapili ijayo kwa mwingine, na jina la asiyefika hutajwa.

Tena kazi ya kwanza ya umma ambayo watu hao wa Chicago waliishughulikia, kuanzia 1907, haikuwa ya fahari hata kidogo. Walipigania mji wao ujengewe vyoo vya umma. Yeyote aliyewahi kubanwa na haja katikati ya jiji atakubaliana nami kwamba hilo lilikuwa jambo la afya, na la heshima ya binadamu pia.

Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mnamo 1930. Lions nao walianzia huko huko Chicago mnamo 1917, kwa juhudi za Melvin Jones aliyekuwa mfanyabiashara wa bima. Mnamo 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, aliwahutubia na kuwasihi wawe watetezi wa vipofu. Wito huo haujasahaulika. Hapa kwetu wagonjwa wengi wa macho wanaijua hospitali ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi.

Kwa miaka mingi klabu hizi zilikuwa za wanaume peke yao. Lions waliwafungulia wanawake mlango mnamo 1987 na Rotary mnamo 1989. Walichelewa mno, ukizingatia kwamba katika nyumba nyingi anayembeba mgonjwa mgongoni ni mwanamke.

Kuhusu mahudhurio, zamani mwanachama wa Rotary aliyekosa mkutano wa klabu yake alitarajiwa kwenda kuhudhuria wa klabu nyingine ili kufidia. Mnamo 2016 kanuni zililegezwa, na klabu zikaruhusiwa kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi. Sina ugomvi na hilo, kwani mji una shughuli nyingi na foleni za magari hazina huruma. Ninachoomba ni kwamba kanuni ya kurudi isilegezwe pale inapomhusu mgonjwa.

Matone mawili

Mfano mkubwa wa manufaa ya kurudi ni polio. Mnamo 1979 Rotary walianza kusaidia chanjo ya watoto nchini Ufilipino. Mnamo 1985 walitangaza mpango wa kuikomesha polio duniani kote, na mnamo 1988 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa wakaungana nao. Wakati huo polio ilikuwa ikilemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125.

Chanjo yenyewe ni matone mawili mdomoni. Kazi ngumu ni kurudi. Matone ya mara moja hayamkingi mtoto vya kutosha. Dawa hiyo sharti ihifadhiwe kwenye baridi, ibebwe kwa sanduku lenye barafu, ifike kwenye kila mlango, na mtoto aliyekuwa amelala au amekwenda kwa nyanya yake leo atafutwe tena kesho. Wanachama wa Rotary wamechanga zaidi ya dola bilioni 2 kwa kazi hii, lakini wengi wao pia wamekwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na wahudumu wa afya.

Matunda yake tumeyaona. Mnamo Agosti 25, 2020, ilitangazwa rasmi kwamba virusi vya polio vya asili vimetokomezwa katika kanda ya Afrika. Hata hivyo, anayedhani kazi imekwisha ajikumbushe. Mnamo 2013 polio ililipuka Kenya, ikaathiri watu 14 katika eneo la Garissa na kambi za Dadaab. Mnamo 2018 virusi vya aina inayotokana na chanjo, ambayo huenea mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, vilipatikana katika maji taka ya Eastleigh, hapa hapa jijini. Na mnamo 2022 Malawi na Msumbiji zilitangaza kupata virusi vya asili vilivyoingia kutoka nje ya Afrika.

Funzo lake ni moja. Ugonjwa hauna likizo, na anayepigana nao hawezi kufika mara moja, akapigwa picha, akaondoka.

Daftari la shangazi

Sasa niruhusu nikueleze ni kwa nini jambo hili linanikera.

Miaka kadhaa iliyopita klabu moja, ambayo sitaitaja, iliandaa siku ya matibabu ya bure katika uwanja wa shule mtaani kwetu. Niliombwa kusaidia kuandika majina, nami nikakubali kwa fahari. Tulisimamisha mahema asubuhi. Kulikuwa na muziki, fulana mpya na watu wengi kupita kiasi. Kufikia jioni daftari langu lilikuwa na mamia ya majina.

Mmoja wa walioandikwa ni shangazi yangu, muuza mboga ambaye hakuwa amepimwa presha maishani mwake. Mashine ilionyesha 190 kwa 110. Daktari alimweleza kwa upole kwamba shinikizo lake la damu liko juu mno, kwa vile likifika 140 kwa 90 na kuendelea huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Alimpa vidonge vya wiki mbili na kumwambia aendelee na dawa. Shangazi alirudi nyumbani akiisifu klabu hiyo kwa majirani wote.

Vidonge vilikwisha. Kwa kuwa hakuwa na maumivu yoyote, alidhani amepona. Hivyo ndivyo presha ilivyo, msomaji: haipigi hodi. Hakuna aliyemwambia aende zahanati gani, amwone nani wala siku gani. Hakuna aliyempigia simu, ingawa nambari yake ilikuwa katika lile daftari, kwa mwandiko wangu. Kabla mwaka haujaisha alipigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulipooza na usemi ukapotea.

Nilipokwenda kuulizia daftari lile, niliambiwa liko kwenye katoni pamoja na mabango. Tangu jioni ile halikuwa limefunguliwa. Klabu ilikuwa imepata mwenyekiti mpya, na mwenyekiti mpya alikuwa na mradi mpya.

Siwalaumu wao peke yao. Hata mimi nilikuwa na jina la shangazi mkononi, na sikurudi kumwuliza kama vidonge vimekwisha.

Pale wanapokosea

Kisa hiki si cha pekee. Uongozi wa klabu hizi hubadilika kila mwaka ifikapo Julai mosi. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kuwa humzuia mtu mmoja kung'ang'ania kiti, na laiti vyama vyetu vya siasa vingeiga. Lakini ina hatari yake. Kila kiongozi hutamani kuacha jina, na mgonjwa wa mwaka jana husahaulika. Presha haijui kwamba Julai imefika.

Tazama pia viti vya magurudumu. Wengi hudhani kiti ni kiti. Mnamo 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimtoshe, afundishwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Mtoto akiketishwa kwenye kiti cha mtu mzima mgongo hupinda, na asiyehisi sehemu ya chini ya mwili hupata vidonda vya makalio vinavyoweza kumwua. Isitoshe, gurudumu likipasuka na pasiwe na fundi, kiti hugeuka kuwa cha kuanikia nguo.

Dawa za misaada nazo zina kanuni zake. Tangu 1996 Shirika la Afya Duniani limekuwa likisisitiza kwamba dawa zinazotolewa ziwe zile zinazohitajika na anayezipokea, na zikifika ziwe zimebakisha angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha. Kuletea zahanati shehena ya dawa zinazokaribia kuharibika ni kuihamishia zahanati hiyo gharama ya kuziteketeza.

Halafu kuna damu. Klabu nyingi hupenda kuandaa siku ya kutoa damu, na ni kazi njema sana. Lakini chembe nyekundu za damu huhifadhiwa kwa siku 35 hadi 42 tu, na zile chembe za kugandisha damu huharibika baada ya siku tano hivi. Damu iliyotolewa Juni 14, siku ya kimataifa ya wachangiaji damu, haiwezi kumwokoa mama anayevuja damu akijifungua mwezi Agosti. Klabu yenye wanachama arobaini wenye afya ingeweza kuwagawa wachangie kwa zamu mwaka mzima. Picha itakayotoka hapo haitavutia, lakini hospitali itakuwa na damu.

Mwisho ni makao ya watoto. Kila Desemba magari hupanga foleni huko yakiwa na unga, sukari na mablanketi. Mnamo 2022 Kenya ilipitisha Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya familia badala ya makao. Klabu inayowapenda watoto haina budi kujiuliza: je, mtoto huyu ana nyanya au mjomba ambaye angemlea, kama tu angesaidiwa karo na bima ya matibabu? Kumsaidia nyanya mmoja kwa miaka mitano ni kazi isiyo na sherehe. Huenda ndiyo inayomfaa mtoto zaidi.

Kwa nini tusiwadharau

Baada ya lawama hizo zote huenda ukaniuliza, basi klabu hizi zina faida gani?

Nitakujibu hivi. Sisi Wakenya tumelelewa katika Harambee tangu uhuru mnamo 1963. Kwa Harambee tulijenga shule na zahanati kwa maelfu, na hakuna wa kutubeza. Lakini Harambee ina udhaifu mmoja unaojulikana tangu miaka ile ya mwanzo. Hujenga ukuta kwa siku moja, kisha haikumbuki kulipa muuguzi wala kununua taa. Zahanati nyingi zilikamilika zikakaa bila mhudumu. Tuna moyo wa kutoa, tena mkubwa. Tunachokosa aghalabu ni kitabu cha kumbukumbu, siku maalumu ya kukutana, na mtu wa kuuliza, "Tulisema nini wiki iliyopita, na limefanyika?"

Kitabu hicho klabu inacho, na siku hiyo inayo. Ina katibu anayeandika na mweka hazina anayeulizwa. Lile jambo lililonipa usingizi pale hotelini, kusomwa kwa majina na hesabu, ndilo ambalo lingemwokoa shangazi yangu, laiti jina lake nalo lingekuwa katika orodha inayosomwa. Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mgonjwa hawezi kuwapo hotelini. Ni lazima awepo wa kulitaja jina lake.

Wengine huuliza nani hulipia kile chakula. Ni swali la haki. Kanuni ya Lions ni kwamba pesa zilizochangwa na umma ziwekwe mbali na zile za kuendesha klabu, na za umma zisitumiwe kwa gharama za klabu. Klabu yoyote inayojiheshimu itakuonyesha vitabu viwili na kukuambia wazi kwamba wanachama hujilipia mlo wao. Ukiona klabu isiyotaka kuulizwa hivyo, funga mkoba wako.

Maswali manne

Ikiwa wewe ni mwanachama, au unaombwa kuchangia mradi wa klabu yoyote, ningependekeza uulize maswali haya manne:

1. Ni nani aliyesema hiki ndicho kinachohitajika? Mwulize muuguzi, mama au mlemavu mwenyewe kabla ya kununua chochote.

2. Baada ya siku ya makabidhiano, ni nani atakayerudi, na tarehe gani? Jina la mtu huyo liandikwe.

3. Uongozi ukibadilika Julai, mradi utakabidhiwa nani? Mgonjwa wa dawa za maisha asihesabiwe kuwa mradi wa mwaka mmoja.

4. Je, kazi hii imeunganishwa na zahanati iliyo karibu? Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wakapewa mikoba yenye vifaa kama mashine za kupima presha na sukari. Siku ya matibabu ya bure inayofanyika bila wahudumu wa mtaa huo kujua ni kama kupanda mbegu barabarani. Kila anayepatikana na presha au kisukari aondoke uwanjani akiwa na jina la zahanati, siku ya kwenda, na mhudumu wa kumfuatilia.

Nanyi mnaoendesha kliniki na makao, acheni woga wa kusema ukweli. Mtu akikuletea televisheni nawe unahitaji nauli, mwambie kwa adabu kama alivyofanya yule muuguzi. Shukrani zisizo za kweli ndizo zinazojaza stoo zetu vitu visivyo na kazi.

Zamu yako

Pengine unasema moyoni kwamba haya hayakuhusu, kwani huna suti wala beji. Lakini una chama. Katika mitaa yetu, kuanzia Kayole hadi Kangemi, Likoni hadi Nyalenda, kuna watu kumi, ishirini au thelathini wanaokutana kila wiki au kila mwezi, wakachanga, wakaandika, wakatozana faini. Chama hicho ni klabu. Kinachokosekana ni kuchagua mgonjwa mmoja au zahanati moja, na kuitia katika ajenda kila mnapokutana.

Hamhitaji mamilioni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Shilingi hamsini za kila mwanachama zitapeleka mama mmoja na mtoto wake kliniki. Simu moja ya dakika mbili itamkumbusha mzee wa nyumba ya tatu kwamba vidonge vyake vya presha vinakwisha Ijumaa. Na ikiwa nyumbani kwako kuna mtu ambaye hajapimwa presha mwaka huu, mpeleke zahanati wiki hii. Usingoje mahema.

Nilipitia ile kliniki ya nyayo Jumanne moja, bila kutoa taarifa. Ile klabu ilikuwa imewateua wanachama wawili, na mmoja wao, bibi yule yule aliyetozwa faini kwa sababu ya mjukuu, alikuwa ameketi kwenye benchi akiwa na daftari la shule. Aliweka alama kila mama alipoingia. Mama mmoja alikuwa hajafika, na saa nne ilikuwa imepita. Nilimwona bibi huyo akivaa miwani, akatafuta nambari kwenye daftari, akaanza kupiga simu.

Shangazi yangu angali hai. Kila Jumapili jioni mimi humhesabia vidonge vya wiki nzima na kuviweka katika vikopo saba, na kwa mkono wa kushoto yeye huvisogeza kimoja kimoja kuhakikisha sijakosea. Nilichelewa kuanza. Wewe hujachelewa.